Somo: Je, Misaada Midogo Midogo Huwainua Maskini?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: katika darasa zetu limezuka suali ambalo twaona yapasa tulijibu kwa urefu, kwani lahusu mali ya Waislamu na maisha ya viumbe. Suali lenyewe ni hili:

Kila mwaka, na hasa mwezi wa Ramadhani, watu wa miji yetu hii ya pwani huchanga fedha, na wafadhili wa ng'ambo nao huleta zao. Mahali huchimbwa kisima, mahali hugawanywa mbuzi au vyerehani, mahali hutolewa vyandarua au mikopo midogo. Wako wasemao kuwa mambo haya yamewabadilishia maskini maisha yao. Na wako wasemao kuwa hizo ni fedha za kutupwa, kwani baada ya miaka miwili au mitatu watu hao hurudi pale pale walipokuwa. Usemi wa haki ni upi?

JAWABU

Twasema, na kwa Mwenyezi Mungu tunataka msaada: kila kundi katika makundi haya mawili limeona kipande cha ukweli. Msaada mdogo waweza kumwinua mtu, wala hilo halina shaka, kwani dini yetu yalithibitisha, na waliopima mambo haya kwa hisabati katika zama zetu wamelithibitisha. Lakini hauinui kwa udogo wake wala kwa ukubwa wake. Huinua pale mtoaji anapoufuata mkono wake akaangalia kile alichokitoa kimekuwaje. Sadaka iliyotolewa kisha ikapewa mgongo, mara nyingi hufa, hata kama nia ilikuwa safi. Hili ndilo tutakalolieleza, inshallah.

SHOKA NA MPINI WAKE

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Anas bin Malik kisa cha mtu wa Ansari aliyemjia Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume hakumpa kitu papo hapo, wala hakumfukuza. Alimuuliza ana nini nyumbani kwake. Mtu yule akajibu kuwa ana guo, sehemu yake hujifunika na sehemu yake huitandika, na chombo cha kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavinadi mbele ya masahaba. Mmoja akasema atavinunua kwa dirhamu moja. Mtume akauliza ni nani wa kuzidisha, mpaka akapatikana wa dirhamu mbili. Akampa mtu yule dirhamu zote mbili, akamwamrisha moja anunulie chakula awapelekee ahali zake, na ya pili anunulie shoka alilete. Lilipoletwa, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aende akakate kuni auze, na asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule akarudi ana dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula.

Wako wanavyuoni walioisemea sanadi ya hadithi hii kwamba ina udhaifu. Lakini maana yake yatiliwa nguvu na hadithi sahihi ya Bukhari juu ya mtu achukuaye kamba yake akaenda kuleta kuni mgongoni, kwamba hilo ni bora kwake kuliko kuomba watu.

Tuzingatie mpango uliomo. Kwanza, aliulizwa ana nini kabla ya kupewa. Pili, njaa ya nyumbani ilituliwa kwanza, kwa sababu mwenye njaa hula mtaji wake. Tatu, alipata chombo cha kazi kilichofaa mahali pale, kwani kuni zilikuwapo na wanunuzi walikuwapo. Nne, chombo kilikamilishwa: shoka lisilo mpini ni chuma tu. Tano, aliwekewa muda wa kurudi. Mtume wa Mwenyezi Mungu, aliyekuwa na shughuli za umma mzima, alipata wakati wa kumfuatia fukara mmoja kwa siku kumi na tano. Sisi tuna shughuli gani zaidi ya zake?

Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameyafahamu haya vizuri. Imam Nawawi ameeleza katika Majmu' kwamba fukara hupewa katika zaka kiasi cha kumtoa katika uhitaji na kumfikisha kwenye utoshelevu. Mwenye ufundi hupewa vyombo vya ufundi wake, viwe vya thamani ndogo au kubwa, na mwenye kujua biashara hupewa mtaji unaolingana na biashara yake. Linganisha maneno hayo na desturi yetu ya kuwapanga maskini mstari mrefu mlangoni mwa duka, kila mmoja akapewa noti moja, kisha mwakani wakaja wale wale.

YALIYOPIMWA KATIKA ZAMA ZETU

Katika mwaka 2002 jumuiya ya BRAC ya Bangladesh ilianzisha mpango wa kuwasaidia mafukara wa mwisho kabisa. Mtu hupewa kitu cha kuzalisha, kama vile ng'ombe au mbuzi. Hupewa posho ya chakula kwa muda. Hufundishwa namna ya kukitunza kile alichopewa. Na mtu wa kumwangalia humtembelea mara kwa mara kwa muda wa karibu miaka miwili. Mpango wa namna hiyo ukajaribiwa katika nchi sita: Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, baada ya kuwalinganisha waliosaidiwa na wenziwao wasiosaidiwa, zaidi ya watu 10,000. Ikaonekana kwamba mwaka mzima baada ya msaada kukoma, waliosaidiwa kwa jumla walikuwa bado wanakula vizuri zaidi na wana mali zaidi.

Msomaji ataona mwenyewe kuwa mambo haya ni yale yale ya kisa cha shoka: chakula, chombo, mafundisho, na kurudiwa. Na huko Ghana lilifanywa jambo jingine lenye mazingatio. Kundi moja lilipewa mbuzi tu, pasina yale mengine. Faida ya kudumu haikuonekana kwao. Huko Honduras nako, wengi walichagua kuku, na kuku wakafa kwa maradhi. Basi aliyesema mbuzi humwinua maskini amesema kweli, na aliyesema mbuzi hamwinui amesema kweli. Mmoja amemwona mbuzi mwenye mchungaji, na wa pili amemwona mbuzi peke yake.

Ama mikopo midogo yenye faida juu yake, ambayo kwa miaka mingi ilisifiwa duniani kuwa ndiyo ufunguo wa kuuondoa umaskini, hukumu yake kwetu ni wazi, kwani riba ni haramu ikiwa nyingi au kidogo. Lakini hata wasioitazama kwa jicho la dini wameipunguza sifa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi sita, miongoni mwake Morocco, India na Bosnia, ukachapishwa pia mwaka 2015, haukuona kuwa mikopo hiyo imegeuza maisha ya wakopaji kwa jumla. Mlango ulio wazi kwetu ni qardh hasan, mkopo mwema usio ziada, nao pia wataka daftari na mtu wa kuufuatilia.

KISIMA NA PAMPU YAKE

Sasa tuje karibu na nyumbani. Katika miaka ya themanini ya karne iliyopita, upande wa Kwale, ulifanywa mradi wa maji ambao habari zake zilienea mbali. Mahali pa visima vilivyo wazi, vya kutekea kwa ndoo na kamba, palitiwa pampu za mkono zilizofunikwa. Humo ndimo ilimokuzwa pampu iitwayo Afridev, ambayo baadaye ilienea Malawi, Msumbiji, Pakistan na kwingineko. Ilitengenezwa kwa makusudi ili watu wa kijiji waweze kuirekebisha wenyewe kwa spana moja, bila ya kungoja fundi kutoka mjini. Kila pampu iliwekewa kamati, na wanawake, ambao ndio wachotaji, wakatiwa ndani ya kamati hizo, wengi wao wakawa ndio watunza fedha.

Mradi huo ulileta faida kubwa, na baadhi ya pampu zake zilidumu miaka na miaka. Lakini pampu ni chombo, na chombo huchakaa. Mipira huliwa, fimbo hukatika, mabomba hutoboka. Mahali kamati ilipolala, au fedha zilipokosekana, pampu ilisimama na watu wakarudi kwenye maji ya wazi. Wala si Kwale peke yake. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2009 na wataalamu wa maji ya mashamba yalionyesha kuwa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, yapata pampu moja katika kila tatu ilikuwa haifanyi kazi. Kila pampu kati ya hizo ilipotiwa, palikuwapo na furaha, na hotuba, na picha.

Hapa yatupasa tujiulize sisi tunaopenda kuchimba visima kwa ajili ya wazee wetu waliofariki. Sote twaijua hadithi iliyopokewa na Muslim, kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na la kwanza ni sadaka yenye kuendelea. Neno jariya maana yake ni yenye kwenda, yenye kupita kama maji yapitavyo. Basi kisima kilichokauka pampu yake kinakwenda wapi? Hatusemi kuwa thawabu za nia zimepotea, kwani hizo ziko kwa Mola aliye Karimu. Twasema kuwa aliyetaka thawabu zimfikie mzazi wake kila mtungi unapojaa, na ahakikishe mtungi unajaa. Tumeona visima vyenye vibao vizuri vya marumaru, majina yamechorwa kwa dhahabu, na mpini wa pampu umefungwa kwa kamba kwa sababu umevunjika. Jina linasomeka, maji hayapatikani.

NI NANI ALIPE MATENGENEZO?

Wako wanaosema: "Watu wa kijiji na walipe wenyewe; kitu cha bure hakithaminiwi." Maneno haya yana upande wa haki na upande wa khatari.

Upande wa haki ni kwamba fedha lazima zitoke mahali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliozichungua pampu za Kwale waliona kuwa pale watu wanapolipa kila wachotapo, fedha hupatikana zaidi na pampu hufanya kazi vizuri zaidi. Lakini waliona vile vile kuwa baadhi ya nyumba, kwa kuiogopa ada, hukimbilia maji yasiyo salama. Mwenye senti alikunywa maji safi, na asiye nayo akarudi dimbwini. Na huyo wa pili ndiye aliyekusudiwa na sadaka.

Mfano wa vyandarua wazidi kulibainisha jambo hili. Huko Kilifi, katika miaka ya tisini, vyandarua vilivyotiwa dawa viligawanywa katika sehemu fulani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa yapata theluthi moja. Kitambaa na dawa, vitu vya thamani ndogo, vikaokoa roho. Lakini vyandarua vya wakati ule vilitaka kuchovywa dawa tena kila baada ya miezi. Uchunguzi ulipokwisha, na watu wakatakiwa wavipeleke wenyewe, waliochovya wakapungua; na ilipowekwa ada, wakapungua zaidi kabisa. Tena, uchunguzi mwingine uliofanywa magharibi ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wajawazito waliopewa vyandarua bure walivitumia sawa na walionunua, na kwamba bei ndogo tu iliwazuia wengi wasivichukue. Basi usemi wa kuwa cha bure hudharauliwa si kanuni ya kuchukuliwa popote.

Tumebaki baina ya mambo mawili: matengenezo yataka fedha, na fukara hana fedha. Kutoka kwake ni wapi?

WAKFU NDIO NJIA

Kutoka kwake kumo katika dini yetu, nasi tumekupa mgongo. Omar bin Khattab (r.a.) alipopata ardhi ya Khaybar, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri. Mtume akamwongoza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Omar akaifanya isiuzwe, wala isitolewe zawadi, wala isirithiwe. Na mazao yake yawe kwa mafukara, na jamaa, na wasafiri, na wengineo. Na katika sharti zake aliweka kwamba msimamizi wake hana dhambi kula humo kwa wema, bila ya kujilimbikizia mali. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim.

Tazama jinsi Omar alivyomkumbuka msimamizi tangu siku ya kwanza. Wako leo wanaosikitika wakisikia sehemu ya mchango imelipwa fundi au mwangalizi, wakadhani imeliwa. Kama fundi hakulipwa, pampu haitatengenezwa. Na Qur'ani yenyewe, katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba, imewataja wanaoitumikia zaka miongoni mwa mafungu manane. Kilicho haramu ni khiana, ama ujira wa haki ni katika sadaka yenyewe. Na mafakihi wamesema kuwa mazao ya wakfu huanza kutumika katika kuutengeneza wakfu kabla ya kugawanywa, kwani ukiharibika asili hapana cha kugawanya.

Wazee wetu wa pwani waliyafuata haya. Aliyejenga msikiti aliuwekea nyumba, au duka, au shamba la minazi, ili mafuta ya taa, na mikeka, na chokaa vipatikane kwa mapato yake. Hawakujenga msikiti wakamwachia maamuma kazi ya kupitisha bakuli. Basi kwa nini sisi twachimba kisima kisicho na mnazi hata mmoja wa kukitunza?

Twapendekeza hivi: watu wanaotaka kuchimba visima vitano, wachimbe vitatu, na fedha za viwili wanunulie kitu cha kuleta pato, kama vile chumba cha duka, kiwe wakfu wa matengenezo. Pato hilo limlipe fundi mmoja azungukie pampu zote kwa zamu na awe na akiba ya vipuri. Mfano wake umekwisha kuonekana: huko Kyuso, katika Kitui, mwaka 2013, pampu zilitiwa vyombo vidogo vya kupeleka habari kwa njia ya simu, na fundi akawekwa tayari. Pampu iliyokuwa ikivunjika hukaa yapata siku 27 bila ya kutengenezwa, ikawa yatengenezwa kabla ya siku tatu. Hapakuchimbwa kisima kipya hata kimoja. Kilichoongezwa ni uangalizi.

MAS'ALA MAWILI

La kwanza: huenda mtu akasema kuwa maji ni kazi ya serikali. Ni kweli. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na huduma ya maji imewekwa chini ya serikali za kaunti. Sadaka zetu haziwezi kuwa badala ya mabomba ya mji mzima, wala hazimwondolei mtawala dhima yake. Na kuidai haki hiyo ni katika kuamrisha mema. Lakini mtoto wa leo hunywa maji leo. Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma, Madina, akawaachia Waislamu, na yeye akawa huteka humo kama wao, hakusema shida hii ingoje.

La pili: vipi kuhusu kutangaza na kupiga picha za waliosaidiwa? Mwenyezi Mungu amebainisha katika Suratul-Baqara, aya ya 271, kwamba kudhihirisha sadaka ni kwema na kuificha kwa mafukara ni bora zaidi. Na katika aya ya 264 ameonya kuwa masimango na maudhi huibatilisha. Kumwonyesha mfadhili hisabu na hali ya kisima ni amana. Kumsimamisha mjane na gunia la unga mbele ya kamera, na uso wake ukazungushwa katika simu za watu, hayo ni maudhi. Ikiwa lazima picha ipigwe, na ipigwe pampu, tena ipigwe mwaka wa tatu, si siku ya kwanza.

MASUALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA

Basi ndugu yetu Mwislamu, ukijiwa na daftari la mchango, usikatae na usitoe kwa upofu. Uliza haya:

1. Je, wenyewe wahitaji wameulizwa wanacho nini na wanataka nini?

2. Ikiwa ni kisima, maji yake yamepimwa? Kwani karibu na bahari maji huweza kugeuka chumvi.

3. Kitakapovunjika, fundi ni nani, vipuri viko wapi, na fedha zitatoka wapi?

4. Asiye na senti atachota vipi?

5. Ikiwa ni mnyama au cherehani, nani atamfundisha, na atakula nini mpaka faida ije?

6. Nani atarudi kuangalia baada ya mwaka, na baada ya miaka mitatu, na atamsomea nani hisabu?

Asiyeweza kuyajibu haya, msaidie apate majibu kabla ya kumsaidia apate fedha.

Kwa ufupi, misaada midogo huwainua maskini ikiwa ina mpini kama shoka la yule Ansari, na ina msimamizi kama ardhi ya Omar. Tusipoweza kutoa kumi na kuzitunza, tutoe tatu na tuzitunze. Amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo, kama ilivyothibiti katika hadithi sahihi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitakabali sadaka zetu, azifanye zenye kuendelea, na atujaalie tuwe wachungaji wema wa amana za waja wake. Amin.